Tarehe 3 Novemba na mlango uliofungwa

Wakubwa shikamooni,

Nina miezi miwili hapa Sendai, Japani. Jana nilifunga safari na makaratasi yangu ya bima ya afya mpaka ofisi ya kata, nikakuta giza ndani. Kumbe sikukuu. Ni ya nini, na nitazijuaje nyingine?

---

Marahaba mdogo wangu, pole.

Hiyo ni Bunka no Hi, Siku ya Utamaduni. Imekuwapo tangu 1948, kwa sababu katiba ya sasa ilitangazwa Novemba 3, 1946. Kabla ya hapo ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme Meiji, kwa hiyo tarehe ilibaki, jina likabadilika.

Chukua kalenda ya Kijapani uangalie tarehe nyekundu. Ikiangukia Jumapili, Jumatatu nayo inakuwa mapumziko. Ofisi ya kata, uhamiaji, benki, zahanati nyingi: zote kimya. Mtoto akiugua usizunguke mjini na homa, tafuta kwenye tovuti ya jiji daktari wa zamu ya sikukuu. Na kadi ya ukaazi unaweza kuomba kuiongezea muda miezi mitatu kabla haijaisha, usingoje wiki ya mwisho.

Siku hiyo hiyo Mfalme hutunuku Nishani ya Utamaduni kule Tokyo. Mwaka 1949 aliipata Majima Riko, mkemia wa urushi, ile vanishi ya utomvu wa mti inayong'arisha bakuli za mbao. Lakini mimi nampenda zaidi mwanafunzi wake, Kuroda Chika. Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Tohoku, hapo hapo kwenu Sendai, kilipokea wasichana watatu, wizara ya elimu ikaandika barua kuhoji. Kuroda alikuwa mmoja wao, na 1916 akawa mwanamke wa kwanza Japani kupata shahada ya sayansi. Alifumbua rangi ya zambarau iliyomo kwenye mizizi ya mmea wa murasaki. Mwaka 1959 serikali ikampa nishani ya utepe wa zambarau (sijui kama walikusudia!). Kabla ya nishani hiyo alihangaika pia na maganda ya vitunguu, ikatoka dawa ya shinikizo la damu.

---

Dada umenikumbusha. Binti yangu alipewa kazi ya shule ya kupaka kitambaa rangi kwa maganda hayo. Tulichemsha konzi mbili kwenye sufuria kuukuu, maji yakawa kama chai ya rangi, leso nyeupe ikatoka ya kahawia iliyofifia tu. Tulipoilowesha kwenye maji ya shabu ikageuka njano kali mbele ya macho yetu.

Shabu ipo dukani, rafu ya viungo, kipakiti kimeandikwa myoban. Unga wake mweupe, hivyo usiuweke karibu na chumvi. Mimi niliutia kwenye maharage.

---

Asanteni sana. Leo nimerudi ofisi ya kata, imefunguliwa, ila nimesahau kitabu cha benki.