MREJESHO: Kumvusha mwanangu mwenye usonji hadi Kigamboni

Habari zenu wapendwa. Niliomba ushauri jinsi ya kumvusha mwanangu wa miaka 5 kwa pantoni ya Magogoni, hapa Dar es Salaam, ili familia twende ufukweni, maana umati na honi vinamtesa. Asanteni sana, tumeenda!

Kilichosaidia zaidi ni picha. Nilipiga geti, pantoni, bahari na nyumba yetu, tukawa tunazipitia kila jioni. Kwenye foleni alizishika mwenyewe, anagusa pantoni ya kwenye picha, kisha anaitazama ya kweli. Na uliyesema twende asubuhi siku ya kazi, ubarikiwe: wengi wanavuka kuja mjini saa hizo, upande wetu palikuwa na nafasi.

Hedifoni za kuzuia kelele alizikataa katakata. Honi ilipolia alipiga mayowe, baba yake akamkumbatia kwa nguvu hadi ng'ambo. Abiria mmoja aliniambia nimchape. Nilimweleza kwamba huo si utukutu, ni maumivu. Wakati wa kurudi alijifunika khanga yangu kichwani, akatulia.

Mchanga mkavu hakuutaka kabisa, ila ule wenye maji aliuchimba mpaka jua kali.

Dada uliyeuliza kuhusu binti yako, anza na picha, na khanga usiiache.