Mama anakuja Ulaya na pasipoti haigongwi tena muhuri: tujipange vipi?

Kutoka Stuttgart

Shikamooni wakubwa zangu, na rika langu habari za huko mliko.

Mama yangu amepata viza ya Schengen, yaani ya lile kundi la nchi za Ulaya unazoingia kwa viza moja, aje kunisaidia nikijifungua. Anapandia ndege Kilimanjaro, anabadilisha Amsterdam, ndipo aje Stuttgart. Atasafiri peke yake na Kiingereza chake ni cha salamu. Nasikia siku hizi hawagongi muhuri, wanapiga picha tu. Sasa akiulizwa aliingia lini ataonyesha nini? Halafu kwenye viza tarehe zinafika mwisho wa Septemba, lakini pameandikwa siku 60. Nifuate ipi? Tiketi sijalipia bado, nasubiri ushauri wenu.

Kutoka Köln

Marahaba mdogo wangu, na Mungu akujalie ujifungue salama.

Naanza na hilo la viza kwa sababu ndilo linalowaponza wazee wetu wengi. Fuata siku 60. Zile tarehe mbili zinaonyesha viza itumike kati ya lini na lini. Mstari wa siku ndio unaosema akae siku ngapi ndani ya kipindi hicho. Kwa kawaida ubalozi huongeza siku 15 kwenye tarehe ili safari ikisogezwa mbele viza isimfie mkononi, na watu wakiziona hudhani wameongezewa siku za kukaa. Hawajaongezewa. Tena siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka inahesabiwa, hata akipita dirisha la pasipoti saa tano usiku. Unapochagua tarehe ya kurudi hesabu kwa kidole kwenye kalenda, kisha mwachie siku mbili tatu za akiba. Ndege hufutwa, na afisa wa mpakani hana sababu ya kujua hivyo.

Wenye wazazi waliopewa viza ya kuingia mara nyingi, hesabu yenu ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na hizo 180 zinahesabiwa kurudi nyuma kuanzia siku uliyopo, si kuanzia Januari wala siku viza ilipotolewa. Mzee akiingia tarehe 1 Juni na kutoka 29 Agosti, amemaliza 90 zote. Anaweza kurudi kuanzia 28 Novemba. Akitua 27 amezidisha siku moja, na siku moja inatosha kumletea maswali atakapoomba viza nyingine. Umoja wa Ulaya wameweka kikokotoo mtandaoni, kitumieni kabla ya kununua tiketi.

Sasa mihuri. Kuanzia 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen ziliingiza mfumo wa kielektroniki unaoitwa EES, mpaka mmoja baada ya mwingine, na ratiba yao ilikuwa ukamilike 10 Aprili 2026. Mgeni wa muda mfupi anarekodiwa pasipoti yake, picha ya uso, na tarehe na mahali alipoingia na kutokea. Wasiohitaji viza wanachukuliwa alama za vidole vinne palepale. Sisi tunaoomba viza vidole vyetu viko kwenye mfumo wa viza tangu siku ya maombi, kwa hiyo mama atapigwa picha, na akiombwa aweke vidole ni kwa ajili ya kulinganisha. Akikataa, haingii. Mweleze mapema, ili asishtuke akiambiwa avue miwani au asogeze mtandio uso uonekane wote.

Muhuri wa zamani uliweza kuusoma mwenyewe: herufi ya nchi juu kushoto, mshale wa kuingia au kutoka, kipicha cha ndege au treni, tarehe katikati, jina la mpaka chini. Kama afisa amekosea tarehe ulimwambia ukiwa bado umesimama mbele yake. Rekodi ya kompyuta huioni. Hili linanisumbua kweli, kwa sababu sheria yao ya mipaka inasema asiyeonekana ameingia lini anaweza kudhaniwa amezidisha siku, na ni juu yake yeye kuthibitisha vinginevyo. Inakubali tiketi na ushahidi mwingine wa kuaminika. Basi mama atunze zile karatasi za kupandia ndege za safari zote, kwenda na kurudi, nawe uzipige picha uzihifadhi. Akirudi nyumbani akagongewa muhuri na uhamiaji wetu, piga picha ukurasa huo pia, maana unaonyesha kwamba aliondoka huku kwa wakati. Na ana haki ya kumuuliza afisa amebakiwa na siku ngapi za kukaa. Mwandikie swali hilo kwa Kiingereza kwenye karatasi, alionyeshe tu.

Jingine ambalo naona hujaligusa: dirisha lake la uhamiaji liko Amsterdam. Mtu anakaguliwa kwenye kiwanja cha kwanza cha Schengen anachotua, na kwako Stuttgart atatoka kama abiria wa ndani ya nchi aliyetoka Hamburg. Kwa hiyo wewe unayemsubiri hutakuwepo anapoulizwa. Barua ya dhamana uliyosaini ofisi ya wageni, bima ya safari ya angalau euro 30,000, tiketi ya kurudi, nakala ya kibali chako, anwani na namba yako ya simu, vyote viwe kwenye mkoba wa mkononi. Akivitia kwenye sanduku kubwa vitatangulia Stuttgart naye atabaki Schiphol, kiwanja cha Amsterdam, bila karatasi. Usimnunulie tiketi ya kubadilisha ndege kwa saa moja; foleni ya pasipoti peke yake inaweza kuimaliza. Mpe saa tatu.

Na mkitaka kumtembeza Paris kwa basi, abebe pasipoti. Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, polisi wanapanda ndani ya basi.

Sisi wenye vibali vya kukaa EES haituhusu, lakini tutoe kadi pamoja na pasipoti kwa mkono mmoja. Ukitoa pasipoti peke yake unaweza kuandikishwa kama mgeni wa siku 90, kisha mfumo ukakuona umezidisha ilhali unaishi hapa kihalali.

Kutoka Reading, Uingereza

Shikamoo kaka. Naongezea kwa walioko huku kwetu. Kadi za ukaazi ziliisha muda mwishoni mwa 2024, sasa hadhi yako iko mtandaoni na imefungwa kwenye namba ya pasipoti. Ukipata pasipoti mpya ubalozini, ingia kwenye akaunti yako ya uhamiaji uiandikishe kabla ya kusafiri. Usipofanya hivyo utakwama kwenye kaunta ya ndege Dar es Salaam au Nairobi, kwa sababu mhudumu akiingiza namba mpya haoni kitu. Pasipoti ya zamani usiitupe, hasa kama ina muhuri wa ukaazi wa kudumu.

Na wanaofikiria uraia: fomu inataka safari zako za nje za miaka 5, na kikomo cha kawaida ni siku 450. Uingereza haigongi muhuri wa kutoka. Mimi nina daftari, kila safari naandika tarehe, namba ya ndege na nchi siku hiyohiyo.

Kutoka Rotterdam

Dada wa Stuttgart, pole na hekaheka. Mimi ni wa Mombasa, na mamangu hupitia Schiphol hivyo hivyo. Piga simu kwa shirika la ndege uombe msaada wa kiti cha magurudumu, walau saa 48 kabla ya safari. Ni bure kwa wazee wanaopata shida kutembea masafa marefu, na pale masafa ni marefu kweli. Mhudumu atamsukuma mpaka dirisha la pasipoti, amngoje, kisha ampeleke mlango wa ndege ya pili. Hakikisha msaada umeandikwa kwa safari zote mbili, maana mara nyingine huandikwa ile ya kwanza tu.

Mwekee simu yenye laini inayoshika Ulaya na umfundishe kuunganisha intaneti ya uwanjani. Ukishalipa tiketi, tuma hapa siku na saa ya kutua. Afisa akitaka mtu wa kutafsiri, anipigie mimi, nitakuwa macho.