Feloshipu ya ICU baada ya MMed: aende ama abaki na thieta zake?

Jamaa wa Pwani tujadili hili, manake mtoto wa khalati yangu juzi amemaliza MMed, shahada ya ubingwa, ya nusukaputi (kulaza wagonjwa wa opresheni) na sasa ataka feloshipu, masomo ya juu zaidi ya hapo, ya wagonjwa mahututi yaani ICU, nyumba imegawanyika. Mamake asema imetosha aowe, babake auliza kaunti itamwongeza shilingi ngapi na hakuna alomjibu. Mimi ni nesi wa ICU hapa Mombasa, ntasema langu kisha nanyi mseme yenu.

Babake hajakosea kwa hesabu. Miaka 6 ya udaktari, mwaka wa intanshipu, akae MO (daktari wa kawaida) huko anakotupwa, MMed miaka 4 hivi, halafu umwambie ongeza 2? Marekani daktari wa nusukaputi aongeza mwaka 1 tu. Na daktari wa nusukaputi kwenye hospitali za private hulipwa kwa kila opresheni, kwahivo ukimpeleka akakae kwa posho ni kama umemfungia duka, na akirudi ICU haina malipo ya fasta hivo, ni raundi kila siku na simu ya saa tisa usiku. Mgomo wa 2024 ulienda siku 56 na sehemu kubwa ni malipo ya maintani, sasa mtu akikwambia serikali itamthamini bingwa wa juu zaidi wewe waamini?

Lakini kuna wale wasemao ati kuweka mrija na kuwasha ventileta daktari yeyote wa nusukaputi ajua, kwahivo feloshipu ni cheti cha kuringia tu. Hapo mimi nakataa katakata. Thieta ni masaa matatu, mgonjwa alikuja akitembea. ICU ni siku ya tisa, mapafu yamekakamaa, figo zishagoma, presha yashikiliwa na dawa na familia iko nje yauliza ataamka lini. Chukua kitu kimoja tu, kiasi cha pumzi. Mwaka 2000 Wamarekani walitoa utafiti kuwa kwa mapafu yalojaa maji ukipuliza mililita 6 kwa kilo badala ya 12, vifo vyashuka toka karibu 40 hadi 31 kwa kila wagonjwa 100. Na hizo kilo si za mzani, ni za kimo, mama wa sentimita 150 hata awe na kilo 90 mapafu yake ni ya mtu wa kilo 43, apate kama mililita 260 kwa kila pumzi. Sasa mimi hukuta 500 imewekwa kwa kila mtu, mrefu mfupi, mashine yapuliza mama wa watu mpaka wataka kulia, na ukimwambia daktari akuangalia kama wewe ndo huelewi! Alosomea ICU hahitaji kuambiwa. Tena ajua wakati wa kukaa na familia awaambie ukweli, badala ya kuwaacha wauze shamba huku mgonjwa hana marudio.

Na tusisahau, bila bingwa huku ni Nairobi, kilomita karibu 480, na kumpeleka mgonjwa wa mashine barabarani si mchezo.

Ila wale wasemao tukipata mabingwa kumi Pwani mambo yatakuwa sawa, hapana. 2015 serikali ilikodisha mashine za hospitali za kaunti, za ICU zikiwemo, mpaka Seneti ikaja kuchunguza ikakuta zengine zimekaa tu hakuna wa kuzitumia. Bingwa mmoja bila watu naye atakaa vivo hivo. Hii ICU yenyewe ilianzia Copenhagen 1952, polio imelemaza watu hawawezi kupumua, daktari Bjørn Ibsen akasema wekeni mrija kooni mbane mfuko kwa mkono, na walobana usiku na mchana ni wanafunzi wa udaktari, mamia kwa mamia, kwa zamu. Wazo lilikuwa lake, lakini wagonjwa walipona kwa mikono ya wale. Sasa nambie nesi mmoja usiku na ventileta tatu, huyo bingwa aandike anachoandika, nani atamgeuza mgonjwa, nani atavuta makohozi?

Kwahivo mimi nasema aende, na kaunti imlipie na imfunge bondi ya kurudi kuitumikia, lakini ikimpeleka yeye ipeleke na manesi wanne chuo cha tiba KMTC wakasome diploma ya juu (higher diploma) ya ICU, mwaka mmoja tu. La si hivo atarudi afanye miezi sita, achoke, tumsikie yuko Ghuba, na sitamlaumu.

Haya mlosomea mkarudi huku, semeni ukweli: cheo kilibadilika kwa karatasi ya mshahara ama mwaitwa bingwa kwa mdomo tu? Na wewe ulosema jana ati manesi twalalamika sana, njoo hapa ulete hoja.