Python: kodi[4:7] inanipa 202 badala ya 2023, nakosea wapi?

Soweto_Moshi
Habari za jioni wakuu. Natengeneza programu ndogo ya chama cha msingi cha kahawa huku Moshi. Kila mwanachama ana namba ya aina hii:

`kodi = "MSH-2023-0417"`

Nataka mwaka aliojiunga na zile tarakimu nne za mwisho. Nikiandika `kodi[4:7]` napata 202. Herufi ya mwisho nimeitafuta kwa `kodi[13]`, maana `len(kodi)`, yaani idadi ya herufi, inasema 13, ikagoma: IndexError.

Fundi_Njiro
Mangi, hesabu inaanzia 0. M ni 0, S ni 1, H ni 2, kistari ni 3 (nacho kinahesabiwa, hata nafasi tupu inahesabiwa), 2 ya mwaka ni 4. Stringi (maandishi yaliyo ndani ya alama za kunukuu) yenye herufi 13 inaishia indeksi (namba ya nafasi) 12, kwa hiyo 13 haipo.

Kwenye kukata, namba ya kwanza inachukuliwa, ya pili inaachwa. `[4:7]` ni 4, 5 na 6 basi. Andika `kodi[4:8]`. Kujikagua ni rahisi: 8 toa 4 ni 4, na mwaka una tarakimu nne.

Za mwisho anza kuhesabu kutoka mkiani, ambako -1 ndiyo herufi ya mwisho: `kodi[-4:]` inatoa 0417. Baada ya nukta mbili usiweke kitu. Ukiweka -1 utapata 041, ukiweka 0 utapata stringi tupu.

Soweto_Moshi
Imekubali, asante sana. Ila `kodi[4:50]` haigomi, mbona `kodi[50]` inagoma?

Fundi_Njiro
Ukiomba herufi moja ambayo haipo, Python haina cha kukupa. Ukiomba kipande, inakupa kilichopo mpaka mwisho na kunyamaza. Ukimya huo ndio wa kuogopa. Siku mkimsajili mtu wa `"ROMBO-2023-0417"`, `[4:8]` itakupa `O-20` bila kosa lolote, na itaingia hivyo hivyo kwenye ripoti.

kwa_mrombo
Ndiyo maana kwa namba zenye vistari mimi nisingekata kwa indeksi kabisa:

`mwaka = kodi.split("-")[1]`

`split` inagawa stringi kila penye kistari. Jina la tawi liwe refu au fupi, mwaka unabaki sehemu ya pili, yaani indeksi 1.

Kukata kunafaa pale urefu haubadiliki. Mfano namba za simu, kama mtawatumia wanachama meseji:

`simu = simu.strip()`
`simu = "+255" + simu[1:]`

`strip()` inaondoa nafasi tupu za mwanzo na mwisho, na `[1:]` inatoa 0 ya mbele. Usijaribu `simu[0] = "+255"`, itakataa kwa TypeError kwa sababu stringi haibadilishwi ndani; unaunda mpya. Na angalia faili la Excel: safu ya simu ikisomwa kama namba, ile 0 imeshapotea, na ukiigeuza kuwa stringi kisha ukakata `[1:]` unakula 7 au 6 ya mtandao. Hakikisha kwanza `len(simu) == 10`.