WIKI MBILI?! Kachukua miguu yangu, kampa steringi, halafu anashika maiki anasema WIKI MBILI

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi, nipo kwenye daladala la Mbagala, vidole vinatetemeka, makosa ya uandishi mnivumilie.

Huyo dairekta mnamjua, simtaji. Yule wa kofia ya sufu hata jua la Februari likikaanga mayai barabarani. Sinema ni ile ya vijana wanaoshindana kudansi mtaani, mabango yake yamejaa mji mzima.

Ule mpambano wa mwisho, steringi anaingia duarani, anatupa mkono chini, anazunguka kwa mgongo miguu ikikata hewa kama feni, halafu anaganda kwa mkono mmoja. Ile miguu ni yangu! Tulipiga usiku wa manane Temeke, juu ya lami, boksi la friji limeshalowa umande. Nimerudia mara 17. Bega la kushoto lilichunika, mpaka leo nalalia upande mmoja. Nikapewa elfu 30 na chipsi zege.

Mkienda kuangalia, tazameni viatu. Anaingia na raba nyeusi mpya. Miguu ikipanda juu, raba ni nyeupe, ya kushoto ina kiraka alichonishonea fundi wa pale Mwembe Yanga, na kwenye muundi kuna kovu la eksozi ya bodaboda. Akitua chini, raba nyeusi tena! Binadamu gani anabadilisha viatu hewani?

Hilo nililimeza. Nilikuwa nimempeleka mama, kavaa kitenge chake cha Idi. Alivyoona ile miguu akasema ukumbi mzima ukasikia: "Si miguu ya mwanangu hiyo?" Watu wakamwambia anyamaze. Majina ya mwisho yakapita, kashukuriwa mpaka mwenye jenereta. Mimi simo. Nikameza na hilo.

Taa zikawaka. Dada mmoja akauliza steringi kajifunzaje kudansi vile. Mtu wa kofia akashika maiki: "Kipaji tu. Alijifunza kwa wiki mbili."

WIKI MBILI.

Mimi nimeanza darasa la tano. Miaka 11 naangukia shingo! Kwa wiki mbili hujajua hata kuanguka, viganja havijaota sugu. Ukumbi ukapiga makofi. Na mama yangu naye akapiga, kwa sababu watu wote walipiga. Nimekaa pembeni yake namwangalia anapiga makofi ya wiki mbili.

KibarazaChangombe: Hii chai. Weka picha ya kovu.

Mleta uzi: Hiyo hapo. Nimepiga ndani ya gari, konda ananishangaa.

BintiTandika: Nimeikuza. Kovu lipo kweli. Ila kaka yangu, kata kucha kwanza ndiyo udai haki.

MzeeWaReli: Kijana, pole. Hao watu hawakuanza leo. Marekani 1983 walitoa Flashdance, steringi Jennifer Beals. Sehemu kubwa ya kudansi alidansi Mfaransa, Marine Jahan, na kwenye majina ya mwisho hawakumweka. Ule mzunguko wa mgongo kaufanya mwanaume, Crazy Legs wa kundi la brekidansi la Rock Steady Crew, kavalishwa wigi. Dunia nzima ikaamini ni yule binti.

Mleta uzi: Wigi?! Kwa hiyo tangu 1983 ni mchezo ule ule? Mzee umenimaliza. Lakini huyo dada, mama yake alikuwa kiti cha pembeni? Kuna mtu alishika maiki akamwambia wiki mbili?

KibarazaChangombe: Wiki mbili wiki mbili, tumeshasikia mkuu. Hata mimba haisemwi hivyo.

SheriaKwanza: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtumbuizaji, na dansa ni mtumbuizaji. Swali ni moja tu: ulisaini nini?

Mleta uzi: Karatasi moja, tumesaini watu 20, gizani, kwa tochi ya simu. Yeye ndiye alishika hiyo tochi, anamulika pa kusaini tu.

SheriaKwanza: Aisee.

Wanjiku_wa_Kayole: Wee afadhali wewe miguu ilionekana. Mimi hapa Nairobi niliitwa niwe mtu wa umati, nikafika saa kumi na mbili asubuhi, nikashangilia hadi sauti ikaisha. Filamu ilipotoka nikaona sikio. Sikio tu! Na hereni nilikuwa nimeazima.

FundiCherehani: Subirini kwanza. Kofia ya sufu? Ana pengo kidogo mbele? Huyo nimemshonea suruali 14 za madansa, kila moja na mifuko sita, na zipu kanichagulia mwenyewe. Alisema atalipa sinema ikitoka. Kumbe imetoka!

Mleta uzi: Imetoka leo fundi. Suruali zinang'aa kwelikweli. Na steringi kazivaa kwa WIKI MBILI.

FundiCherehani: Wiki zako kaa nazo. Mimi namdai za zipu tu elfu 42.

Mpenda_Riadha: Hiyo brekidansi yenyewe ilionja Olimpiki mara moja. Paris 2024, pale Place de la Concorde, dhahabu wakachukua Ami wa Japani na Phil Wizard wa Kanada. Los Angeles 2028 haimo. Mnagombea kitu kilichoachwa.

MzeeWaReli: Punguza dharau. Bronx, kule New York, walikuwa wanazungukia maboksi tangu miaka ya 1970, nani alikuwa anasubiri medali?

TandaleFinest: Tatizo mnaiga ya Wamarekani. Angedansi singeli bega lisingechunika.

BintiTandika: Singeli ya Tandale ni ya kurukaruka. Yenye miguu ipo Temeke.

TandaleFinest: Temeke?! Nyie mnaganda kwa sababu mmechoka.

Mleta uzi: Jamani, mama yangu bado yuko kimya hapa pembeni. Kaniuliza tu, "Kwa hiyo yule mwingine kajifunza wiki mbili na wewe miaka yote hiyo?"

KibarazaChangombe: Mama kauliza swali zuri.

BintiTandika: Hizo chipsi zege za usiku wa manane zilikuwa na kachumbari?

Wanjiku_wa_Kayole: Zege ni nini? Si hiyo ni ya kujengea?

TandaleFinest: Chipsi na mayai dada, zinakaangwa pamoja. Na Temeke siku hizi kachumbari wanauza kando.

BintiTandika: Muongo. Pale stendi wanaweka bure, na pilipili ya ndimu juu.

TandaleFinest: Ya yule mzee wa jiko la mkaa? Kahama tangu Ramadhani.

BintiTandika: Kahamia wapi?