Mrejesho: Nilivyompeleka mama Ireland

Habarini wadau. Niliuliza nimpeleke mama wapi Ireland kwa siku 5, magoti yake yakiwa hayamruhusu kutembea sana. Mlionitajia Newgrange, Mungu awazidishie.

Ni kaburi la mawe lenye zaidi ya miaka 5,000, limezitangulia hata piramidi za Giza. Njia ya ndani ni nyembamba, mita 19 hivi. Mama aliipita kiubavu, mkono ukutani. Mwongozaji akazima taa, giza totoro. Kisha akawasha taa moja kuonyesha jua la asubuhi linavyopenya tundu lililo juu ya mlango Desemba, siku zikiwa fupi kuliko zote. Mstari wa mwanga ukatambaa sakafuni hadi miguuni petu. Mama akanishika mkono, akanong'ona, "Subhanallah." Kateni tiketi mapema, nafasi huisha.

Majabali ya Moher, mita 214 juu ya Atlantiki, yanatisha kwa uzuri, ila kwa ule upepo tulikaa robo saa tu. Dublin tulipita. Aliyesema tubebe makoti ya mvua hata Julai, asante sana, tuliyavaa kila siku.