Mjadala: Ruzuku ya tabianchi kwa kaunti iende visimani au jaani?

Mkazi wa Bondeni, Nakuru

Wakuu, msimamo wangu nautanguliza ili tusizungukane. Kaunti zetu zipewe ruzuku ya kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani, na fungu la kwanza liende kwenye taka za sokoni. Lisiende kwenye miche ya kupigia picha wala kwenye semina za hotelini.

Pesa nyingi za tabianchi zinazofika kaunti siku hizi hupitia mpango wa FLLoCA, yaani mpango wa serikali wa kufadhili kazi za tabianchi zinazoongozwa na wananchi mashinani. Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2021, na wafadhili wa Ulaya wakaongeza zao. Kaunti hupata kwanza fungu la kuandaa sheria na ofisi, kisha fungu la miradi. Kamati za wadi hukaa na wananchi, huuliza shida ni ipi, na mara nyingi jibu ni maji: visima, vidimbwi, mabomba. Sina ugomvi na maji. Lakini huko ni kujikinga na madhara. Kazi ya kupunguza gesi zenyewe imeachwa kama vile haituhusu huku chini.

Wengine wakisikia kupunguza gesi, wanafikiria paneli za jua juu ya paa la ofisi ya gavana. Hapo hatutapata kitu kikubwa, kwa sababu karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya tayari unatoka kwa mvuke, maji, upepo na jua. Olkaria yenyewe, penye mitambo ya umeme wa mvuke, iko humu humu kaunti ya Nakuru. Gesi zetu zinatoka kwa mifugo, mashamba, misitu inayokatwa, magari na taka. Sasa angalieni Jedwali la Nne la Katiba: kuzoa taka na kusimamia majaa ni kazi ya kaunti. Hapo hakuna wa kusingiziwa.

Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni vitu vinavyooza: maganda, majani ya kabeji, matunda yaliyolala. Vikifukiwa chini ya plastiki bila hewa, pale jaa letu la Gioto au jaa lingine lolote, hutoa gesi ya methani. Tani moja ya methani hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko tani moja ya hewa ukaa, ukipiga hesabu ya miaka 100. Vitu hivyo hivyo vikitenganishwa sokoni na kugeuzwa mboji au chakula cha kuku, methani nyingi haitokei kabisa, na mkulima wa Bahati au Njoro anapata mbolea. Sijaona kazi nyingine ya kaunti inayopunguza gesi kiasi hicho bila kumnyima mtu chakula wala usafiri.

Mwana wa Nyando

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho na bado nakataa. Kenya inachangia sehemu ndogo mno ya gesi za dunia. Sisi huku mto ukifurika tunahamia shuleni na watoto, na mpunga unaoza shambani. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likameza nyumba na vyoo vya watu. Shilingi moja ya tabianchi ikija Kisumu, mimi naitaka kwenye tuta la mto na mitaro. Waliochafua wapunguze kwanza. Hata Gioto ikizimika kesho, mvua ya Nyando haitapungua hata tone.

Mhasibu, Milimani Kisumu

Naongeza jambo ambalo watu hulipita haraka. Zile dola milioni 150 za Benki ya Dunia ni mkopo. Hazina ya Taifa imekopa, kisha ikazipeleka kaunti kama ruzuku. Kwa gavana ni zawadi, kwa mlipa kodi ni deni. Kwa hiyo swali langu kwa ndugu wa Bondeni: tukope tena ili kupunguza gesi ambazo faida yake ni ya dunia nzima? Nikikopa kuchimba kisima, anayekunywa ni Mkenya.

Mkazi wa Bondeni, Nakuru

Mhasibu, hoja yako ina uzito na ndiyo iliyonifanya nichague taka. Faida yake ya kwanza ni ya Mkenya. Mitaro inayoziba kwa taka ndiyo inayojaza maji mtaani, moshi wa jaa linaloungua unavutwa na watoto wa jirani, na mbolea ya kiwandani inanunuliwa kwa dola. Methani inayopungua ni faida ya juu yake. Na kwa sehemu hiyo ya juu nakubaliana nawe kabisa: ije kama msaada kutoka kwa waliochafua, isiwe mkopo. Tuidai kwa jina hilo.

Mwana wa Nyando, sikubishii tuta. Sisemi fungu la tuta lipunguzwe. Nasema liwepo dirisha la pili, yaani fungu la pembeni la kupunguza gesi.

Tuangalie Marekani, maana wao wamelijaribu dirisha la namna hiyo. Sheria yao ya 2022 ilitenga dola bilioni 5 kwa majimbo, miji na makabila ya wenyeji. Milioni 250 zilikuwa za kuandaa mipango. Zilizobaki nyingi zikashindaniwa, na kila mwombaji alitakiwa kueleza atapunguza tani ngapi na kwa gharama gani. Julai 2024 maombi 25 yalichaguliwa kupokea zaidi ya dola bilioni 4. Mwaka uliofuata utawala ukawa mwingine, na Bunge lao likafuta pesa ambazo hazijafungwa kwa mikataba. Mimi nachukua mawili hapo. Pesa ifuate tani zilizopimwa, isifuate idadi ya mikutano. Na kwa kuwa fungu la mfadhili hukatika wakati wowote, linunue vitu vinavyobaki: mizani, malori, sakafu ya kugeuzia mboji. Mishahara ibebwe na bajeti ya kaunti tangu siku ya kwanza.

Wala hatuanzi gizani. Kampuni ya maji ya Nakuru, kupitia Nawasscoal, inageuza uchafu wa vyoo kuwa makaa ya kupikia. Hiyo ni kazi ya umma, iko hapa, na jiko linawaka.

Mama wa Kibuye

Wanangu, mnaongea tani na dola, mimi niko sokoni. Tunalipa ushuru kila siku na taka zinalala hapo mpaka zinanuka. Mtu akituletea mapipa mawili, la kuoza na la plastiki, tutatenganisha. Sisi si wachafu. Lakini lori likija likamwaga yote pamoja, siku ya pili hakuna atakayejisumbua. Kabla ya ruzuku, nionyesheni ratiba ya lori.

Mwokota taka, Gioto

Mimi naishi kwa hilo jaa. Kila mradi ukija, unakuja na ua na askari wa lango. Chupa na vyuma ndivyo vinavyolipa karo ya wanangu. Kama ni kutenganisha, sisi tumetenganisha kwa mikono miaka yote bila glavu. Tuandikwe kazi kama kikundi, na iandikwe kwenye mkataba wa ruzuku, sio kusemwa kwenye mkutano.

Mkazi wa Bondeni, Nakuru

Mama, shikamoo. Ratiba ya lori iwe sharti la kwanza kabla senti haijatoka. Nakubali na nitaliandika hivyo. Ndugu wa Gioto, naongeza lako: sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilivyorekebishwa 2023 inataka miradi ya kaboni, yaani ile inayouza hesabu ya gesi iliyopunguzwa, ikiwa ni ya ardhi iwarudishie wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato, na ile isiyo ya ardhi asilimia 25. Jaa likija kuuza kaboni, wanaookota taka humo wahesabiwe miongoni mwa wenyeji hao.

Mwana wa Nyando

Bado mimi ni wa tuta. Lakini mitaro iliyoziba umenigusa, maana maji yakishuka kutoka mjini yanatukuta na plastiki zake. Niambieni jambo moja: hayo madirisha mawili, nani atahakikisha gavana hachukui la tuta akajazia la taka?

Mhasibu, Milimani Kisumu

Akaunti mbili, na kamati ya wadi itie sahihi kwa zote mbili. Bila hivyo, mimi siungi mkono hata moja.